Picha Iliyobanwa

Mwezi wa Machi mwaka jana, mvua zikiwa bado nyingi, alinijia nyumbani hapa Mlowo mama mmoja ambaye nimefahamiana naye kwa zaidi ya miaka arobaini. Alikuwa amefuatana na mjukuu wake. Nilimwamkia, akaitikia, nikampa kiti, tukaulizana habari za mashamba na za kahawa kama ilivyo desturi. Baada ya hapo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, nimekuja kuomba picha ya mwanangu."

Nilijua mara moja ni mwana yupi. Alikuwa mwanafunzi wangu. Mwaka 1988 alikwenda Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, shimo likaporomoka, na hakurudi. Mama yake hakuwahi kuwa na picha yake hata moja. Alikumbuka kwamba mimi nilikuwa nayo ya darasa zima, na sasa wajukuu walikuwa wakimwuliza mjomba wao alikuwa mtu wa namna gani. Alitaka uso ule ukuzwe, utiwe kwenye fremu, utundikwe sebuleni.

Nilimwambia, "Mama, utaipata." Nilisema upesi kuliko ilivyonipasa.

Picha yenyewe ilikuwa ya darasa la saba la mwaka 1983. Wakati huo nilikuwa na mwaka wa pili tu tangu nipewe ualimu mkuu. Vijana wa leo hawaujui vizuri ugumu wa miaka ile. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, lakini sabuni na sukari vilikuwa vya kupangia foleni, na filamu ya kamera ilikuwa adimu kuliko hivyo. Mpiga picha aliyetoka Mbeya mjini alipiga mara mbili tu, akasafisha iliyotoka vizuri, akatuletea nakala moja. Niliitunza nakala hiyo miaka mingi ndani ya bahasha ya kaki. Mwaka 2014 mjukuu wangu aliipeleka kwenye duka la steshenari ikaskaniwa, naye akawatumia kwa simu wale waliosoma darasa hilo. Walifurahi, wakatumiana wao kwa wao, huyu akikata upande huu, yule akiongeza mwanga. Nami nikaridhika kwamba sasa picha iko salama mikononi mwa watu wengi. Miaka mitano baadaye mchwa walipanda kwenye sanduku langu la nyaraka, na nilipofungua bahasha ile nilikuta udongo. Kompyuta ya duka nayo ilikuwa imekwisha kufa zamani. Kilichobaki ni ile picha ya kwenye simu, iliyokwenda na kurudi sijui mara ngapi.

Basi kesho yake asubuhi nilishika njia hadi duka moja kando ya barabara kuu ya Tunduma, pale malori ya Zambia na Kongo yanapopita usiku na mchana. Kijana wa dukani, ambaye baba yake niliwahi kumfundisha, aliifungua picha kwenye kompyuta, akaukuza uso wa yule mtoto wa mstari wa nyuma, na wote wawili tukanyamaza. Hapakuwa na uso. Palikuwa na miraba ya kijivu iliyopangana kama vigae, mmoja mweusi zaidi penye jicho, mwingine mweupe zaidi penye paji.

"Mzee," kijana alisema, "hii ni JPEG iliyobanwa mara nyingi. Ingekuwa PNG tangu mwanzo, tungekuwa na kitu."

Nilimwomba anieleze. Kwa kuwa mwalimu haachi kuwa mwanafunzi, niliporudi nyumbani niliendelea kuuliza na kusoma mpaka nikaelewa. Nitaeleza hapa kwa ufupi, maana swali ninalotaka kumletea msomaji limo ndani ya maelezo haya haya.

Picha ya kwenye kompyuta ni kama daftari la hesabu lenye miraba. Kila mraba una rangi moja tu, na rangi hiyo huandikwa kwa namba tatu, kuanzia 0 hadi 255: moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Picha yenye miraba 4,000 kwa upana na 3,000 kwa urefu ina miraba milioni 12, yaani namba milioni 36. Huo ni mzigo mzito kuutuma kwa simu. Kwa hiyo watu walitafuta njia za kuufunga mzigo uwe mdogo, na katika njia hizo mbili zimeenea kuliko nyingine.

Njia ya PNG tuliifahamu sote shuleni, ingawa hatukuijua kwa jina hilo. Katika daftari la mahudhurio, watoto kumi wakitoka kijiji kimoja, hatukuandika jina la kijiji mara kumi. Tuliliandika mara moja, halafu chini yake tukaweka vile vialama viwili vya kurudia. Kalamu ilipumzika na karatasi ikatosha, na bado mkaguzi akija aliweza kujua kila mtoto anatoka wapi bila kukosea hata mmoja. Ndivyo ifanyavyo PNG. Penye mfululizo unaojirudia, haiuandiki upya, bali huelekeza nyuma ulipoandikwa kwanza. Na mara nyingi, badala ya kuandika rangi yenyewe, huandika tofauti yake na jirani yake. Ukiifungua, namba zote hurudi kama zilivyokuwa. Hakuna kilichopotea.

Njia ya JPEG ni tofauti. Yenyewe huikata picha vipande vya miraba 8 kwa 8, yaani miraba 64. Katika kila kipande hupima mambo: ni kiasi gani cha mwanga ulio tulivu, kiasi gani cha mabadiliko ya polepole, na kiasi gani cha mabadiliko ya harakaharaka kama nywele, makunyanzi au kovu. Hesabu ya kupimia hivyo ilibuniwa na mhandisi mzaliwa wa India, Nasir Ahmed, aliyeichapisha mwaka 1974 pamoja na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao. Kisha kila kipimo hugawanywa kwa namba iliyopangwa kwenye jedwali na kukadiriwa kwenye namba nzima iliyo karibu. Vipimo vya mambo madogomadogo hugawanywa kwa namba kubwa, hivyo vingi vyake huwa sifuri. Hata rangi hupunguzwa, kwa sababu jicho la binadamu hutambua tofauti ya mwanga na giza vizuri kuliko tofauti ya rangi. Kilichokwisha kuwa sifuri hakirudi tena. Picha huwa nyepesi mara kumi au zaidi, na mtazamaji wa kawaida haoni kasoro yoyote.

Kuitazama tu picha ya JPEG hakuipunguzi, wala kuinakili faili kama ilivyo. Inapokatwa, inapopunguzwa ukubwa, au inapobanwa upya na simu kwa ajili ya kutumwa, hapo hukadiriwa tena juu ya makadirio. Sisi tuliopiga taipu kwa karatasi za kaboni tunalijua jambo hili. Nakala ya kwanza ilisomeka, ya pili ikasomeka kwa taabu, na ya nne ilihitaji mtu anayekumbuka barua ilisema nini.

Hata chimbuko la njia hizi mbili lina mafunzo yake. JPEG ni jina la kamati ya wataalamu iliyoundwa mwaka 1986, na kanuni yao ilikamilika mwaka 1992. Walijiuliza: ni kitu gani tunaweza kukitupa bila mtu kulalamika? PNG ilizaliwa kwa ugomvi. Tangu mwaka 1987 watu walikuwa wakitumia aina ya picha iitwayo GIF. Mwishoni mwa mwaka 1994 ikatangazwa kwamba hesabu iliyomo ndani yake ina hataza ya kampuni ya Unisys, na kwamba watengenezaji wa programu watapaswa kulipa. Mapema mwaka 1995 watu wa kujitolea, wengi wao hawajawahi kuonana, walianza kutunga njia nyingine isiyo na mwenyewe, na tarehe 1 Oktoba 1996 ikapitishwa rasmi kwa matumizi ya intaneti. Hao walijiuliza swali jingine: tunawezaje kutunza kila kitu, na bila kumwomba mtu ruhusa?

Sasa nalileta swali langu. Je, ni halali kutupa kile ambacho hakionekani?

Jibu la haraka la mtu wa maadili ni kwamba si halali, na kwamba PNG ndiyo njia ya waadilifu. Mimi sikubali upesi hivyo. Binadamu asiyetupa chochote hawezi kuishi. Kama ningekumbuka kila neno la kila kikao cha kamati ya shule, nisingekuwa na nafasi ya kukumbuka hata moja lenye maana. Hata kusamehe ni namna ya kutupa: unabaki na umbo la jambo, unaacha ukali wake. Aidha, bila JPEG watoto wangu walioko Dar es Salaam wasingeweza kunitumia picha za wajukuu kwa kifurushi kidogo cha simu. Picha nyepesi iliyofika ni bora kuliko picha kamili iliyokwama njiani.

Ila lipo jambo la kuangalia. Anayetupa, hutupa kwa kukisia mahitaji ya mwingine. Aliyebana ile picha alikisia kwamba mtazamaji atataka kuliona darasa zima kwa ukubwa wa kiganja, na kwa hilo hakukosea. Hakuna aliyekisia kwamba siku moja mama atakuja kutafuta uso mmoja katika mstari wa nyuma. Kutupa hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kutupa bila kuacha mahali popote nakala moja isiyoguswa. Na kosa hilo lilikuwa langu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilikuwa na daftari, nikadhani kwa kuwa watu wengi wamelisoma, basi limehifadhika.

Nikiwa bado dukani, kijana yule alinionea huruma. Alisema, "Mzee, usihuzunike. Siku hizi kuna programu inayoweza kuisafisha." Alibonyeza mara mbili tatu, tukangoja kidogo, na uso ukatokea. Naungama kwamba moyo wangu uliruka. Ulikuwa uso wa kijana mzuri, macho maangavu, ngozi laini, nywele zimechanwa. Niliutazama kwa muda, kisha nikatafuta kovu. Yule mtoto alikuwa na kovu juu ya nyusi ya kushoto, alilolipata alipoanguka kutoka kwenye mti wa parachichi nyuma ya ofisi yangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfunga kitambaa na kumpeleka zahanati. Kovu halikuwapo. Programu ile haikusafisha kitu, kwa sababu chini ya miraba ile hapakuwa na kitu cha kusafishwa. Ilikuwa imetunga. Ilikuwa imeona nyuso nyingi, ikachagua inayowezekana.

Kijana aliniuliza, "Sasa mzee, kuna ubaya gani? Bibi mwenyewe ni mzee, macho yake hayaoni vizuri. Atafurahi." Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Sote tumewahi kumwambia mgonjwa kwamba leo ameamka na nafuu. Ni nani atakayedhurika na furaha ya bibi wa miaka themanini?

Nililifikiri swali lile siku tatu. Nilikumbuka habari ya mwaka 2013, pale mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alipogundua kwamba mashine fulani za kunakili zilikuwa zikibadilisha tarakimu. Mashine hizo hazikutumia JPEG, zilitumia namna nyingine ya kubana, inayotafuta alama zinazofanana na kuziandika kama alama moja. Kwenye ramani ya nyumba vyumba vitatu vya ukubwa tofauti vilitoka vyote vikiwa na mita za mraba 14.13. Tarakimu hazikuwa na ukungu hata kidogo. Zilikuwa safi, na zilikuwa za uongo. Hapo nikaanza kuiheshimu ile miraba ya kijivu. JPEG inapokosa kitu, hukuonyesha kwamba imekosa. Ukungu wake ni ungamo. Picha safi ya kutungwa haiungami chochote.

Sisi Watanzania tumekwisha kuonja gharama ya karatasi safi zisizo za kweli. Mwezi wa Aprili mwaka 2017, taarifa ya uhakiki wa vyeti iliyokabidhiwa kwa Rais John Magufuli huko Dodoma ilitaja watumishi wa umma 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi. Vyeti vile navyo, vilipowasilishwa, vilisomeka vizuri. Nami niliyewafundisha watoto kwa zaidi ya miaka thelathini kwamba kunakili jibu la jirani ni wizi, ningemtundikia mama ukutani mtoto wa watu wengine, au tuseme mtoto wa hakuna mtu, na kumwambia, huyu ndiye uliyemzaa? Wajukuu wangekua wakiujua uso ule. Baada ya sisi wazee kuondoka asingekuwapo wa kuuliza kovu liko wapi. Huyo ndiye angedhurika: marehemu mwenyewe. Angefukiwa mara ya pili.

Nilichapisha picha ya darasa zima, kama ilivyo, kwa ukubwa wa bahasha, maana kwa ukubwa huo jicho halioni miraba. Nikaenda nayo kwa mama yule, nikamweleza yote: mchwa, simu, hata ule uso wa kutungwa. Aliishika karibu na dirisha. Mjukuu alimwonyesha kwa kidole. Alitazama, akasema, "Ndiye. Alikuwa anasimama hivyo, bega moja juu." Kweli, bega moja lilikuwa juu. Umbo lilikuwa limebaki. JPEG huanza kutupa madogo, na makubwa huyaacha mwisho. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Mwalimu, hawa wa mbele wanaonekana. Mbona wangu ulimweka nyuma?" Nilimjibu kwamba warefu walisimama nyuma. Alikubali kwa kichwa, ila sikuona kama jibu lilimtosha.

Halafu alimtuma mjukuu ndani alete karatasi. Ilikuwa ripoti ya shule ya mwaka ule ule wa 1983, imekunjwa mara nne, imetunzwa ndani ya mfuko wa nailoni. Haikuwa na doa. Kila herufi ilisomeka, na mwandiko ulikuwa wangu. Kwenye nafasi ya tabia nilikuwa nimeandika: "Mtundu. Hana makini."

Msomaji mpendwa, nilikuja kujua mwaka uliofuata, mtoto akiwa amekwisha kumaliza shule, kwamba baba yake alikuwa mgonjwa mwaka wote ule, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiamka kabla ya alfajiri kupalilia kahawa ndipo aje darasani kusinzia. Sikuirekebisha ripoti. Ilikuwa imekwisha kutoka ofisini, na kazi zilikuwa nyingi. Kwa miaka arobaini mama huyu alikuwa na kumbukumbu moja tu ya maandishi juu ya mwanawe, na kumbukumbu hiyo ni maneno yangu matatu.

Jambo hili lilinionyesha kilichokosekana katika hesabu zangu zote za JPEG na PNG. PNG hutunza kwa uaminifu kile ilichopewa. Ukichukua picha iliyokwisha kuharibiwa, ukaihifadhi kwa PNG, itaitunza miraba ile ya kijivu kwa uaminifu uleule, haitaongeza wala kupunguza. Ripoti yangu ilikuwa imetunzwa hivyo. Mama hakupoteza hata nukta. Aliyepoteza ni mimi, siku ile nilipombana mtoto wa miaka kumi na minne katika maneno matatu, nikatupa kila ambacho jicho langu halikukiona na ambacho sikujishughulisha kukitafuta. Nimeandika ripoti ngapi za namna hiyo katika utumishi wangu? Kila mwaka, kila darasa, kila mtoto: mtiifu, mvivu, anajitahidi, hana makini. Ngapi kati yake zimo ndani ya mifuko ya nailoni katika nyumba za Mbozi?

Mama aliniomba nimsomee mjukuu. Hajui kusoma, siku zote alijua tu kwamba karatasi ile ni ya mwanawe. Nilikuwa na nafasi ya kusoma maneno mengine. Nilikuwa nimekwisha kuukataa uso wa kutungwa, kwa hiyo sikuweza kuyatunga maneno. Nilisoma yaliyoandikwa. Kisha nikasema aliyeandika ni mimi, na nikaeleza nilichokijua baadaye: kahawa, alfajiri, baba aliyelala kitandani. Mama alinisikiliza, akasema, "Utundu alikuwa nao." Akacheka kidogo. Kuhusu hayo mengine hakusema neno, nami sikumlazimisha anisamehe.

Niliporudi nyumbani niliandika ukurasa mmoja juu ya kijana yule, wenye kovu na mti wa parachichi na bega lililoinuka, nikautia sahihi na tarehe, nikampelekea. Ripoti ya zamani sikuomba irudi. Zimekaa pamoja katika mfuko mmoja, ile ya 1983 na ya mwaka jana, na atakayezisoma atazisoma zote mbili.